Mama Alirudi na Nyimbo Nyingine

Wiki iliyopita nilipeleka redio kuukuu kwa fundi mmoja pale Ukunda. Alipoifungua mgongoni, tulikuta betri zilizosahaulika humo miaka na miaka, zimevimba na kutoa ute, na harufu yake ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Fundi alikuwa akiniuliza jambo. Aliniuliza mara ya pili, "Dada, nizitupe hizi au una kazi nazo?" nami nikamwambia azitupe, lakini akili yangu ilikuwa imeshakwenda kwingine. Kwa muda ule mfupi sikuwa muuguzi wa makamo aliyeponyoka kazini kwa dakika kumi. Nilikuwa msichana wa darasa la pili, Gazi, nimechutama kando ya ungo wa shangazi yangu, nikilinda betri nne zilizoanikwa juani zisije zikapinduliwa na kuku.

Mama yangu alikuwa Uarabuni wakati huo. Baba alifariki nikiwa bado natambaa, na mama alinilea kwa kusuka makuti ya kuezekea, yaliyonunuliwa na watu wa Diani waliojenga mabanda ya wageni. Alipokuwa akisuka, redio ilikuwa kando yake, na ndani ya redio mlikuwa na kaseti moja tu ya taarabu. Karatasi yake ilikuwa imebanduka zamani, hata sikupata kujua mwimbaji ni nani. Mama aliimba naye kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Alijua ni wapi yule mwanamke huvuta pumzi, naye akavuta papo hapo. Fidla ikishika zamu yake, mama alinyamaza, ukuti umesimama mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikilizia mlango unaobishwa, kisha wote wawili wakaingia tena kwa pamoja.

Kwa hayo niliyoyaona nikajitungia imani ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeona nguo zikifukizwa udi. Ukishaondoa chetezo, harufu hubaki kwenye kitambaa siku nzima. Basi nikasema, kama harufu hubaki kwenye nguo, sauti nayo hubaki kwenye kaseti. Mtu aliyeimba na kaseti moja kila siku kwa miaka yote ile, lazima sauti yake imeingia humo. Kwa hesabu yangu, nusu ya yule mwimbaji ilikuwa mama.

Siku aliyoondoka alinipeleka kwa Shangazi Nimwaka, dada yake baba, na mzigo wangu ulikuwa mfuko wa nguo na ile redio. Alinishika mashavu akaniambia, "Nitunzie kaseti yangu, mwanangu." Nadhani aliisema ili nipate kitu cha kufanya badala ya kulia. Mimi niliichukua kama amri.

Shangazi Nimwaka alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na mwendo wa pole. Asubuhi alishuka pwani na wanawake wenzake kupanda miche ya mikoko, na siku za harusi alikuwa kiongozi wa kundi la kina mama wa kayamba. Kayamba lake lilining'inia ukutani juu ya kitanda chake, limefumwa kwa mabua makavu yaliyopangwa kama mkeka mdogo, na ndani yake mna mbegu. Ukilitikisa kidogo lilitoa sauti ya mvua inayoanza kwenye bati. Kundi lake lilifanya mazoezi uani kwetu karibu kila Jumamosi baada ya alasiri, na kila Jumamosi mimi nilichukua redio yangu nikaenda nyuma ya jiko, nikaibana sikioni.

Nilikuwa na sababu yangu. Niliogopa kwamba nyimbo za watu wengine zingejaa masikioni mwangu na sauti ya mama ikakosa pa kukaa. Kwa hiyo nilizikataa zote. Harusini niliziba masikio. Shuleni, wenzangu walipoimba nyimbo walizozisikia kwenye magari ya Ukunda, nilihamia upande wa pili wa uwanja. Jirani yetu alikuwa msichana wa rika langu aitwaye Kadzo, ambaye baba yake alitoka bara huko Kinango kuja kulinda shamba la minazi la mtu. Walikuwa Wakristo, na Kadzo alikuwa katika kwaya ya watoto ya kanisa lao dogo la mabati. Alipenda kuniimbia tukienda kuteka maji. Siku moja nikamwambia, "Hayo ni makelele." Aliacha kuimba. Nakumbuka jinsi alivyobadilisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mkono ule ili asitembee upande wangu.

Mama alipiga simu kwa mwenye duka, mara moja kila wiki mbili au tatu, siku ya Ijumaa. Mtoto wa dukani alikuja mbio kutuita, tukakimbia, shangazi akiwa ameshika leso isimdondoke. Simu ile ilikuwa mbaya kwangu. Nilisema, "Shikamoo mama," naye akasema, "Marahaba, hujambo mwanangu, unakula?" na sauti ilikuwa kavu, ina haraka, inafuatwa na mwangwi wake. Haikufanana kabisa na ile ya kaseti. Nilijibu "ndiyo" na "la" tu, kama mtu anayesemeshwa na mgeni. Nikirudi nyumbani niliweka kaseti, nikamsikia mama wa kweli.

Ikatokea alasiri moja kaseti ikaanza kuvuta. Wimbo ulikuwa katikati, na sauti ya yule mwanamke ikazidi kuwa nzito na ya chini, maneno yakaburutika, mpaka ikawa kama mzee anayeongea usingizini. Leo kila mtu wa umri wangu anajua kwamba ni betri zilikuwa zikiisha. Mimi nilijua kwamba mama ameugua. Nilikimbia hadi pwani, miguu ikizama kwenye tope, nikamkuta shangazi ameinama kati ya miche.

"Mama anaumwa," nikamwambia.

"Nani kakwambia? Amepiga simu?"

"Nimemsikia kwenye redio. Sauti imekuwa nzito."

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinawa tope kwenye maji ya bahari, akanishika mkono, tukarudi nyumbani. Akaitikisa redio, akatoa betri, akaziweka kwenye ungo, na ungo akauweka juani. "Zikipata joto zitaimba tena," akasema. Kesho yake zikaimba kweli. Sauti ikarudi nyembamba na tamu, nami nikahitimisha kwamba mama amepona, na kwamba aliyemponya ni mimi pamoja na jua. Tangu siku ile nilianika betri kila nilipotoka shuleni. Mvua iliponyesha siku mbili mfululizo sikula vizuri. Shangazi alidhani nina minyoo, akanipeleka zahanati.

Kisha ikaja siku redio ilipoimeza kaseti. Nilisikia mlio kama wa panya, nikafungua, nikaukuta mkanda wa kahawia umejisokota kwenye vyuma vya ndani kama utumbo wa samaki. Niliuvuta pole pole. Ukakatika. Na haikupita wiki, simu za Ijumaa zikakoma. Ijumaa ya kwanza hakupiga, ya pili hakupiga, ya tatu hakupiga. Shangazi alikwenda dukani mwenyewe, akarudi bila habari. Mwezi ukaisha.

Mimi nilijua kilichotokea. Niliacha kuongea. Mwalimu aliniita nisome ubaoni nikasimama tu. Nyumbani nilikaa nyuma ya jiko na ile kaseti iliyokatika, nikizungusha kijigurudumu chake kwa kalamu ya biki. Siku moja shangazi alikuja akakaa chini, kwenye udongo, yeye mtu mzima na leso yake safi. Aliichukua kaseti, akaigeuzageuza. Mwishowe mimi ndiye niliyesema, "Nimemuua mama."

Akataka nimweleze. Nikamweleza yote: chetezo, nguo, sauti, betri, jua, mkanda uliokatika. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, na sijasahau heshima ile, kwa sababu watu wazima wengi wangenikatiza kwenye neno la tatu.

"Mamako yuko hai," akasema. "Mwajiri wake amemnyang'anya simu, ndiyo maana kimya. Jana msichana wa kwa jirani zetu kina Bimwaka, anayefanya kazi mji uleule, aliwapigia kwao akaeleza. Nilikuwa nangoja nipate habari kamili ndipo nikuambie. Nimekosa. Ningekuambia jana ileile."

"Na sauti yake?"

"Ile si sauti yake, Mwanaisha. Ile ni ya mwimbaji, mtu mwingine kabisa, hata hamjui mamako. Na nikwambie jambo jingine. Mamako hakuwa mtu wa taarabu."

Sikumwamini.

"Mimi ndiye niliyemwona kabla ya babako. Tulialikwa harusi huko Mkongani, kundi letu na kundi lao, na kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba hivi, sauti yake inafika hadi ng'ambo ya shamba. Nilirudi Gazi nikamwambia kaka yangu, nimekupatia mke. Alipoolewa akaja huku, akaanza kuona aibu. Akasema kayamba ni mambo ya watu wa mashamba, na wanawake wa pwani wanasikiliza taarabu. Akanunua kaseti. Mwanzo hakuipenda hata kidogo, alijilazimisha. Baadaye ikamwingia."

Kisha, palepale kwenye udongo, akipiga paja lake kwa kiganja, akaniimbia wimbo ambao mama alikuwa akiuongoza. Ulikuwa wa bibi harusi anayekataa kwenda kuishi mbali na kisima cha kwao, kwa sababu mtungi wake ni mdogo na njia ni ndefu. Mashoga zake wanamjibu kwamba watampa mtungi mkubwa. Yeye anasema basi kichwa changu ndicho kidogo. Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu mkanda ukatike.

Sitadanganya kwamba niliupenda wimbo ule mara moja. Kayamba lilinichanganya, kila nilipodhani nimeushika mpigo, ulikuwa umeshapita. Lakini nilikuwa nimejua jambo ambalo halikunitoka kichwani: kumbe mama alikuwa na nyimbo kabla ya nyimbo. Kumbe aliwahi kuacha kitu na kushika kingine, na bado alikuwa mama. Jumamosi iliyofuata sikwenda nyuma ya jiko. Nilikaa ukingoni mwa mkeka, na mmoja wa kina mama akaniwekea kayamba dogo mapajani bila kunitazama, kana kwamba lilikuwa langu siku zote.

Baada ya hapo nikawa mlafi wa nyimbo. Nilimfuata Kadzo kisimani nikamwomba radhi, kwa maneno machache na ya kitoto, nikamwambia, "Imba ule wako." Alinitesa kidogo kwanza. Alisema, "Makelele?" Kisha akaimba, na akaniambia kwamba peke yake haufai, wimbo ule una sauti nne, niende nikausikie kanisani wakifanya mazoezi. Nilimuuliza shangazi, nikiwa na hakika atakataa.

"Utaingia ndani?" akauliza.

"Nitakaa nje, kwenye dirisha."

"Nenda kasikilize. Wimbo hautakutoa katika dini yako. Ila ukisikia adhana urudi usali."

Nilikaa chini ya dirisha la mabati, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia watu wakiimba maneno yaleyale kwa njia nne tofauti bila kugombana. Nilijaribu kuifuata sauti moja peke yake, ya wavulana wa chini, nikaipoteza, nikaikuta tena. Nilirudi nyumbani kabla ya adhana, ili shangazi asijute.

Simu za mama zilirudi baadaye, kwa simu ya jirani yake wa huko, fupi mno. Alipata mwajiri mwingine. Karibu mwaka wa tatu akatuma salamu kwamba anarudi. Shangazi, bila kuniambia, alikwenda Msambweni akamtafuta muuza kaseti, akamwimbia kipande cha wimbo mpaka yule mtu akaijua kaseti yenyewe. Aliponipa, ikiwa mpya kwenye mfuko wake, nilijua nitamlaki mama kwa kitu gani.

Alifika alasiri. Alikuwa amekonda, amevaa abaya nyeusi, na manukato yake yalikuwa mageni. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akanipima kwa viganja, akasema nimekuwa mrefu, na mimi nikasema marahaba badala ya shikamoo kwa kuchanganyikiwa, watu wakacheka. Tukala muhogo wa nazi na samaki. Alipoanza kutulia, nikabonyeza redio.

Fidla ilianza. Mama aliweka chini kipande cha muhogo.

"Zima, mwanangu."

"Ni kaseti yako, mama."

"Najua. Izime."

Nikaizima. Sikulia mbele za watu. Kwa siku mbili nilimchunguza kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Siku ya tatu alikuwa akifua uani, na nikamsikia akiimba kwa chini wimbo nisioujua, wenye lugha nisiyoijua.

"Huo ni wimbo gani?"

"Wa rafiki yangu, msichana wa Kifilipino wa nyumba ya jirani. Tulikuwa tukianika nguo juu ya paa, yeye kwao na mimi kwetu, na tuliimbiana."

"Unasema nini?"

"Sijui. Kuna neno la bahari, alinionyesha kwa mkono hivi. Na kuna neno la nyumbani. Mengine sijui, mwanangu, lakini naupenda."

"Na wa kaseti?"

Alikamua leso, akaikung'uta, akaitundika kambani, akairekebisha pembe ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Mwaka wa kwanza niliimba nyimbo zile zote jikoni kwa yule mwajiri. Nikisugua sakafu, naimba. Nilidhani zinanipa moyo, na kweli zilinipa. Kisha nikaona nyimbo zenyewe zimeanza kunuka dawa ya kusugulia. Nikisikia ile fidla sasa, naiona ile sakafu. Pengine itapita. Sasa hivi siwezi."

Ndipo nikalia. Nikamwambia kwamba nilizikataa nyimbo zote za dunia kwa ajili ya kaseti ile, kwa sababu aliniambia niitunze.

Alikuja na mikono yake yenye povu. "Nilisema utunze kaseti," akasema. "Sikusema uzibe masikio. Maskini mwanangu."

Jumamosi ile kina mama wa kayamba walikuja, maana walikuwa na harusi Waa wiki iliyofuata. Mama alikaa kando kwenye kiti, na abaya yake, kama mgeni. Shangazi alinipa ishara mimi niongoze wimbo wa kisima. Nilianza vizuri, nikafika pale bibi harusi anapojibu kwamba kichwa chake ni kidogo, na nikasikia nyuma yangu:

"Si hivyo. Hapo huvutwa."

Nikaendelea. Nilikosea tena.

"Huvutwa, Mwanaisha. Usilikimbize hilo neno, wangoje wapige mara mbili." Na kwa kuwa sikuelewa, aliinuka, akavua viatu, akaja kwenye mkeka akauimba mwenyewe.

Sauti yake ilikuwa nzito. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama nafaka ikichekechwa, na ilitoka mbali ndani ya kifua chake. Haikufanana na ya mwimbaji wa kaseti hata chembe. Nilikuwa nimelinda kwa betri na jua sauti ya mtu baki, na hii niliyokuwa nikiisikia sasa, iliyonilaza usingizi tangu kuzaliwa, nilikuwa nimeisahau kabisa. Kina mama waliitikia, makayamba yakashika kasi, na shangazi alikuwa akitabasamu huku ametazama chini, kama mtu aliyefaulu jambo na hataki kusifiwa.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile sikuwahi tena kudharau muziki wa mtu. Si kweli. Nilipofika sekondari niliona haya kumwambia yeyote kwamba napiga kayamba, kwa sababu wasichana waliotoka Nairobi walikuwa na nyimbo za kufokafoka, na mimi nilizikariri usiku na mchana mpaka Kiswahili changu kikaanza kuharibika na mama akaniuliza kama nina homa. Baadaye zikaja kasida, tuliposoma chuo cha Kurani na tukashindana na madrasa nyingine. Nilipokuwa najifunza uuguzi nilipita kipindi cha kutosikiliza kitu chochote, kwa uchovu. Kila mara nilidhani kwamba sasa ndipo nimefika, hii ndiyo ladha yangu, na kila mara kitu kikanikuta njiani. Kayamba nililirudia nikiwa na mtoto wa kwanza, nilipotafuta wimbo wa kumtuliza nikakuta mdomo wangu umeshauchagua. Taarabu niliirudia juzijuzi tu. Mama aliirudia kabla yangu. Alisema ile sakafu imekauka.

Sasa anaishi nami Ukunda. Ana duka la leso, na binti yangu hukaa naye dukani akitoka shule. Jumapili iliyopita niliwakuta wameinamia simu. Binti yangu alikuwa akimchezea wimbo wa vijana wa mtaani hapa, maneno ya Sheng yanayokwenda kasi kama maji ya bomba lililopasuka, na ngoma inayotikisa kioo cha kabati. Nilitaka kusema apunguze sauti. Mama alininyamazisha kwa kidole. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

Wimbo ulipoisha akauliza, "Hapo katikati amesema nini?"

Binti yangu akamfafanulia: kijana anasema alifukuzwa kazi hotelini, lakini mama yake bado anamwambia jirani kwamba mwanawe ni meneja.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya leso. Kisha akasema, "Sijaupenda bado. Hebu urudie."